Panga za sponji msituni: nimruhusu mwanangu?

Swali: Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, naishi Aarhus, Denmark, na mume wangu na watoto. Mwanangu wa kiume ametimiza miaka tisa. Wenzake wa darasani huenda msituni siku za Jumapili kucheza kitu wanachokiita rollespil. Wanavaa majoho, wanapigana kwa panga za sponji, huyu mfalme, yule zimwi, mwingine mchawi. Naye ameng'ang'ania, anataka kwenda. Baba yake hataki hata kusikia. Anasema huko ni kumfunza mtoto vita na uchawi. Mimi nimebaki katikati. Ni mtoto mkimya mno shuleni, na sijapata kumwona akiomba jambo kwa hamu namna hii. Nimruhusu? – Mama Idrisa

Jibu: Waalaykum salaam, Mama Idrisa. Mruhusu. Lakini mara ya kwanza usimshushe ukaondoka. Nenda naye, kaa pembeni tangu mwanzo hadi mwisho, na usiziangalie sana panga. Angalia dakika chache kabla mchezo haujaanza, na dakika chache baada ya kwisha. Hapo ndipo utakapojua kama kikundi hicho kinafaa kukabidhiwa mtoto. Mimi hufundisha maigizo kwa watoto na nimesimamia michezo ya aina hii. Nilipoona mtoto anarudi nyumbani na machozi au hofu, mara nyingi sababu haikuwa upanga. Sababu ilikuwa watu wazima waliomwingiza kwenye hadithi bila kumwonyesha njia ya kutoka.

Mchezo wenyewe si wa kale. Mwaka 1974 ulichapishwa huko Marekani mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, ambamo wachezaji huizunguka meza na kila mmoja kusema kwa mdomo mhusika wake anafanya nini. Haukupita muda watu wakataka kusimama na kuyatenda yale waliyokuwa wakiyasema. Mwaka 1977, katika jimbo la Maryland, kikaanza kikundi cha Dagorhir kilichopigana kwa silaha za sponji. Mwaka 1982 Waingereza nao wakaanza kucheza Treasure Trap ndani ya kasri la Peckforton, huko Cheshire. Wengi wa hao walikuwa vijana na watu wazima. Nchi za Skandinavia, na hasa Denmark mnakoishi, ndizo zilizoufanya kuwa mchezo wa kawaida wa watoto, jirani wa kandanda na skauti. Ndiyo maana wenzake wa darasani wanauzungumzia kama jambo la kila wiki. Vyama vingi vinaendeshwa na watu wa kujitolea na vina shirikisho lao la taifa, Bifrost. Na hapo Hobro, kaskazini ya Aarhus, ipo shule ya bweni iitwayo Østerskov Efterskole, iliyofunguliwa mwaka 2006, ambako wiki nzima ya masomo hupangwa kuzunguka hadithi moja, hesabu na historia na lugha zikija kama kazi za wahusika. Nakutajia shule hiyo ili mumeo ajue kwamba kuna walimu waliousomea mchezo huu na kuujengea mtaala.

Sasa Jumapili yenyewe. Watoto hukusanyika ukingoni mwa msitu. Silaha zao hukaguliwa moja moja. Mkaguzi huubonyeza upanga, huukunja kidogo, hutazama kama ncha imechanika. Kisha msimamizi husimulia hali ilivyo: mfalme amepotea, daraja limetekwa, kijiji cha mashariki hakina chakula. Kila mtoto anajua yeye ni nani katika hadithi hiyo, na wakubwa kiasi au wazazi huvaa uhusika wa mazimwi na majambazi. Halafu wanaachiwa msitu. Atakayekwenda huko akidhani ni vita tupu atashangaa kuona nusu ya muda watoto wamesimama wanabishana: tupeleke mjumbe au tushambulie? Nani atabaki kulinda ngome? Yule mfanyabiashara anasema kweli au katumwa?

Hapo ndipo ilipo faida kwa mtoto kama Idrisa, na ningependa nikae hapo kidogo.

Mwanasaikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky, katika mhadhara wake wa mwaka 1933 kuhusu mchezo, alirejea mfano wa dada wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine saba, walioambiana: tucheze kuwa dada. Ni dada kweli, lakini siku nyingine hawalifikirii hilo. Wakishaamua kulicheza, kila mmoja anajitahidi kutenda kama dada anavyopaswa kutenda: wanashikana mikono, wanavaa sawa, wanajali yale ambayo kwa kawaida hawayajali. Vygotsky alikuwa akionyesha kwamba mchezo wa kuvaa uhusika umejaa kanuni kuliko tunavyodhani, na kwamba mtoto anajifunga kanuni hizo mwenyewe, kwa furaha. Mlinzi wa lango hasinzii, hata akichoka. Mjumbe hafungui barua.

Karibu zaidi na siku zetu, mwaka 2017, ulichapishwa Marekani utafiti wa watoto 180 wa miaka minne na sita. Walipewa kazi ya kuchosha ya dakika kumi, na kando yao kukawekwa mchezo wa kompyuta wa kuwavuta. Waliovaa uhusika wa shujaa mchapakazi kama Batman, wakawa wanajiuliza kama Batman anajitahidi, ndio walioendelea na kazi kwa muda mrefu zaidi kuliko wenzao. Idrisa ni mkubwa kuliko watoto hao, kwa hiyo sitaki kuuvuta utafiti kupita kiasi. Lakini walimu wa maigizo tunaliona jambo la jinsi hiyo mara kwa mara: mtoto asiyeweza kunyoosha mkono darasani anasimama mbele ya watu thelathini akatangaza kwamba daraja halipitiki, kwa sababu anayetangaza si yeye, ni nahodha wa walinzi. Ukimya wa mtoto mara nyingi ni hofu ya kukosea mbele ya watu. Mhusika anapokosea, aibu inabaki kwa mhusika. Na kwa mtoto anayeishi kati ya lugha mbili, ambaye pengine hupima kila sentensi ya Kidenmaki kabla ya kuitoa, nafuu hiyo si ndogo. Sikuahidi kwamba atarudi msemaji. Nasema atapata mahali pa kujaribu sauti ambayo bado hajaitumia.

Nije kwa hoja ya baba Idrisa, maana ina uzito na haifai kuchekwa.

Kuhusu vita. Silaha za mchezo huu huwa na fimbo nyembamba ya faiba katikati, sponji nene juu yake, na ngozi ya mpira laini nje. Kupiga kichwa, shingo na sehemu za siri ni marufuku. Kuchoma kwa ncha nako ni marufuku, kwa kuwa fimbo ya ndani inaweza kutokeza. Panga nyingi hazikutengenezwa kwa kuchoma. Na pigo lenyewe huvutwa: mkono unasimama kabla ya mwili, upanga unagusa tu. Anayeguswa ndiye anayehesabu mwenyewe majeraha yake na kuanguka yakitimia. Jambo hilo la mwisho nalipenda kuliko yote. Hakuna refa wa kukulazimisha ufe. Unakufa kwa uaminifu wako, mbele ya wenzako, na asiyekufa kamwe hukosa wa kucheza naye. Mtoto anayeanza akiwa mdanganyifu hurekebishwa na watoto wenzake haraka kuliko na mwalimu.

Na wewe Mama Idrisa, umezaliwa Unguja. Umeuona au umeusikia Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kila Julai, watu wazima wa upande huu na upande ule wakipigana kwa migomba uwanjani, kibanda kikichomwa moto na aliyekuwa ndani akitoka mbio, kisha kila mtu anakwenda kula. Wapigaji hao hawakuwa wanajifunza vita. Walikuwa na mahali, siku na kanuni za kutoa ya moyoni, na wote wanajua yanaanza lini na yanaisha lini. Hata beni, ile ngoma ya pwani iliyoanzia Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, watu walivaa sare wakapeana vyeo vya Kingi na Jenerali, wakaandamana kwa gwaride mitaani. Kesho yake Kingi anarudi kwenye kazi yake ya kubeba mizigo bandarini. Mwambie mumeo kwamba mchezo ni wa Wazungu, lakini watu wazima kuvaa cheo cha kuigiza na kupigana kwa makubaliano si jambo geni kwetu.

Kuhusu uchawi, mimi si sheikh na siwezi kutoa fatwa. La imani muulizeni mnayemwamini. Ninachoweza kukueleza ni kinachotendeka. Mtoto mwenye uhusika wa mchawi hupaza sauti, tuseme “Mshale wa moto!”, akarusha kifuko kidogo cha kitambaa chenye mchele au maharage, kikimgusa mwenzake, mwenzake anaanguka. Haitwi roho, hasomwi mtu, haandikwi kombe wala hirizi. Hata hivyo, ikiwa mioyo yenu haitulii, jambo ni jepesi: mwambieni msimamizi kwamba Idrisa hatacheza mchawi. Hatashangaa. Kuna mlinzi, mpelelezi, mhunzi, mfanyabiashara, mtibu majeruhi. Kwa mtoto mkimya ningechagua mtibu majeruhi au mjumbe, kwa sababu wahusika hao hutafutwa na kila upande, na wengine ndio watakaokuja kuzungumza naye kwanza. Ila nanyi muwe na mpaka: mkiona kikundi kinaiga ibada halisi ya dini yoyote, iwe yenu au ya wengine, ondokeni.

Liko jambo ambalo hamkuliuliza, nami nisingependa mlikute ghafla. Hadithi za mchezo huu zimechukua mengi kutoka ulimwengu wa Dungeons & Dragons, na humo wamo wanaoitwa “elf” weusi, viumbe wa kubuni wanaofanana na binadamu, jamii yenye ngozi nyeusi iliyochorwa kuwa ya hila na ukatili. Kwa miaka mingi wachezaji weupe wamejipaka rangi nyeusi usoni ili kuwaigiza. Mjadala juu ya hilo umekuwepo, na vikundi vingi vimebadilisha rangi au kuacha kabisa. Lakini mtoto mweusi wa miaka tisa akifika msituni akakuta walio upande wa ubaya wamepakwa weusi, ataelewa kitu ambacho hakuna aliyekusudia kumwambia. Muulize msimamizi waziwazi, kabla: je, kuna wahusika wanaopakwa weusi? Na je, kuna aliyewahi kupangiwa uhusika kwa sababu ya rangi yake? Msimamizi mzuri atakushukuru kwa swali. Akikuambia unajali mno, tafuta kikundi kingine. Aarhus ni mji mkubwa. Hapa sina upole wowote.

Sasa nirudi pale nilipoanzia, kuingia na kutoka.

Kabla ya mchezo, sikiliza kama watoto wanafundishwa ishara za kujitoa. Katika vikundi vingi mtu aliye nje ya mchezo huweka mkono au ngumi kichwani, na akipita hivyo hakuna anayemgusa wala kumsemesha kama mhusika. Lazima pia liwepo neno la kusimamisha kila kitu papo hapo. Katika michezo ya Skandinavia wengi husema “kut”. Wengine wana neno la pili, “brems”, la kupunguza makali bila kusimamisha. Kwa watoto wadogo neno “stop” linatosha. La muhimu ni kwamba litamkwe kwa sauti na kila mtoto alijaribu kabla ya kuanza, mmoja akisema na wote wakiganda, mara mbili tatu. Ishara iliyotajwa tu kwa kasi kati ya matangazo mengine mtoto hataikumbuka zimwi litakapomkimbiza. Tazama vilevile wakubwa wanaocheza mazimwi: je, wanapunguza mbio wakimfikia mtoto mdogo? Je, wanapiga magoti? Zimwi linalojua kazi yake linampa mtoto wa miaka tisa nafasi ya kushinda kwa shida kidogo, na halimwandami mmoja tu.

Baada ya mchezo, angalia kama wanaketi. Dakika kumi zinatosha. Wanavua majoho, kila mmoja anaitwa tena kwa jina lake halisi, anasema ni lipi alilolifurahia na kama kuna lililomuuma. Mtoto aliyesalitiwa na rafiki yake ndani ya hadithi huenda akaondoka na kinyongo cha kweli, kwa sababu moyo hautofautishi haraka kama akili. Rafiki yule anapaswa kumjia na uso wake wa kawaida, wakacheka pamoja juu ya jinsi alivyomfanyia hila. Kikundi kinachowaacha watoto watawanyike na panga mkononi, kila mmoja na hasira yake, kimeacha kazi nusu.

Nyumbani, kazi hiyo iendelezeni kidogo. Usimuulize kama ameshinda. Muulize alikuwa nani leo, alitaka nini, nani alimzuia. Ukiona siku mbili zimepita bado anazungumza kwa hasira juu ya mtoto fulani, mweleze msimamizi. Ukiona anaogopa kulala kwa sababu ya zimwi, usimkaripie wala usimcheke. Mwombe aliyecheza zimwi amwonyeshe vazi likiwa limetundikwa, tupu, na amwache alishike.

Yapo ya kawaida ambayo msiyaache. Sheria ya Denmark inavitaka vyama kuomba cheti kiitwacho børneattest kwa watu wanaofanya kazi au kujitolea na watoto walio chini ya miaka 15. Cheti hicho huonyesha kama mtu amewahi kuhukumiwa kwa makosa ya kingono dhidi ya watoto. Uliza kama wasimamizi wote wanacho. Ni swali la kawaida kabisa huko, usione haya. Uliza nani amesomea huduma ya kwanza, na mtoto akipotea msituni utaratibu ni upi. Chakula: watoto hubeba chao kutoka nyumbani, lakini siku za kuota moto huchomwa soseji, na nyingi ni za nguruwe, kwa hiyo mtilie zake na mwarifu msimamizi. Kambi za kulala huko huko ziache kwanza. Atakwenda akishawajua watu, nanyi mkishawajua.

Msinunue silaha. Vyama vingi huazimisha wanaoanza, na upanga mzuri una bei. Kama ada ni tatizo, uliza manispaa kuhusu fritidspas, msaada wa ada za michezo ambao manispaa kadhaa huutoa kwa familia zenye kipato kidogo. Mavazi yako kabatini mwenu. Kanzu ya zamani iliyofupishwa, mkanda wa ngozi na kilemba vinatosha kumfanya nahodha wa jahazi aliyetoka mbali, mwenye habari ambazo hakuna mwingine msituni anazo. Mpendekezee tu. Akitaka kufanana na wenzake na joho la kijani, mshonee joho la kijani. Watoto wengi wageni mahali wanataka kwanza kuwa kama wengine, na hiyo ni haki yao.

Na baba yake asibaki nyumbani. Vyama hivi hukosa watu wazima wa kucheza mazimwi kila mwisho wa wiki. Mwombe aende siku hiyo ya kwanza pamoja nawe, atazame kwa macho yake, awahoji wasimamizi kwa ukali wowote anaotaka. Kama bado atasema hapana baada ya kuona, basi mtakuwa mnazungumza juu ya jambo mnalolijua nyote wawili. Akisema ndiyo, mwambie aombe ngao na kinyago. Mchukulieni Idrisa viatu vya mpira na soksi za akiba. Misitu ya huko kuanzia Oktoba ni matope matupu, na mtoto mwenye miguu baridi huomba kurudi nyumbani mapema hata kama ni mfalme.